Tulijuana kwa benchi ya dialisisi, sasa sote tumefiwa. Haya ni mapenzi ama ni machozi?

Swali:

"Hujambo kaunsela. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka 41, naishi Donholm. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa figo na kwa karibu miaka miwili tulikuwa tunaenda dialisisi kila Jumanne na Ijumaa. Pale nje kuna benchi ya mbao ndio wenye wameleta wagonjwa hukaa, na hapo ndio nilijuana na baba mmoja aliyekuwa akileta mkewe. Masaa manne kila siku, unajua venye hio huwa, mnagawana chai ya thamosi, mmoja akienda choo mwingine anamwangalilia mkoba. Mume wangu alituacha, sasa ni miezi 14, mkewe akafuata miezi minne baadaye. Tangu hapo tunaongea kwa simu kila usiku, kuanzia saa nne mpaka saa saba. Huyu mtu ananielewa kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Juzi binti yangu wa miaka 17 aliniwekea ile drama ya Uingereza inaitwa After Life, na nilipoona Tony na yule mama Anne wamekaa kwa benchi kule makaburini nililia mpaka akazima TV, juu nilijiona. Lakini hao wawili hawakuwahi kuwa wapenzi. Dadangu anasema hayo ni ya wazungu, hapa mwanamume na mwanamke hawakai benchi moja bure. Mama mkwe amesikia na hashiki simu zangu. Na sasa huyu baba ameniuliza kama tunaweza kuanza maisha pamoja. Nilifurahi, halafu usiku huo sikulala, nikaona ni kama nimemuua mume wangu mara ya pili. Nimesoma kuna hatua tano za majonzi na mimi naona niko ya nne, sijui kama naruhusiwa kuanza kitu kingine kabla nimalize. Haya ni mapenzi ama ni machozi tu? Nikate hii kitu? Na binti yangu anauliza kama huyu baba atakuja Krismasi, nimwambie nini? Hata kwa simu yangu bado ameandikwa 'Dialisisi Ijumaa'."

Jibu:

Dadangu, pole sana. Pole ya mume, na pole ya ile miaka miwili kabla hajaenda, juu watu huja matanga wakakupa pole ya kifo lakini zile Jumanne na Ijumaa zote hakuna mtu alikupa pole yake, na ni kwa hizo siku ndio hii stori yenu ilianzia.

Nimesoma barua yako mara tatu. Maswali ni mengi lakini chini yake nasikia hofu moja, unaogopa kwamba kile kitu kimekushikilia usianguke huu mwaka mzima kumbe ni kitu kichafu. Si kichafu, na hio nataka uibebe tangu mwanzo tukiendelea kuongea. Kama ni mapenzi ya kujenga nyumba nayo, hapo bado hujui, na nikikwambia ukweli, mahali umekaa saa hii hauwezi ukajua, kwa sababu ya venye huo uhusiano wenyewe umejengwa. Nitakueleza polepole.

Wacha kwanza tutoe vitu viwili vitatu njiani. Hizo hatua tano zitakusumbua bure. Zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na yeye alikuwa anaongea na wagonjwa waliojua wanakufa, alikuwa anaandika venye mtu hupokea habari ya kifo chake mwenyewe. Baadaye watu wakazichukua wakazibandika kwa waliofiwa kama ngazi ya kupanda, leo uko ya tatu, mwezi ujao ya nne, ukifika ya tano umehitimu. Majonzi hayaendi hivo. Nimekaa na waliofiwa kwa miaka mingi na sijawahi kuona mtu amepanda hio ngazi kwa mpangilio. Hakuna mahali pa kumaliza ndio uruhusiwe kitu, kwa hivyo usijihesabu uko ya ngapi.

Halafu hii ya kumuua mara ya pili. Kitambo hata sisi wa hii kazi tulifundishwa kwamba aliyefiwa lazima amwachilie marehemu kabisa ndio apone. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman wakatoa kazi iliyoonyesha mambo tofauti, kwamba watu wengi wenye afya yao nzuri tu huendelea na uhusiano na mtu wao aliyekufa, wanaongea naye, wanamuuliza angefanya nini, na hawajakwama popote. Huku kwetu hio haikuwa habari mpya. Mama Mkikuyu anamwita mtoto wake wa miaka mitatu "baba" kwa sababu amebeba jina la babake aliyekufa, na hakuna mtu anasema huyo mama hajapona. Kwa hivyo ule usiku hukulala, nadhani ni vitu viwili vya kweli vilifika kwa mlango wakati mmoja, furaha ya kuulizwa na mapenzi ya mumeo, na wewe ukaona lazima ufungulie kimoja ufukuze kingine. Vyote ni vyako.

Na dadako, usimkasirikie, anakulinda kwa njia anayoijua. Lakini amekosea hapo kwa wazungu. Mtu aliyefiwa kutafuta mwenzake aliyefiwa ni kitu kiko kila mahali, enda Lang'ata makaburini Jumapili mchana uone watu wenye walijuana hapo hapo kwa kupalilia makaburi yaliyopakana. Kinachomsumbua dadako ni kwamba hajui aiite jina gani hio kitu, na kitu kisicho na jina watu hukipatia lile jina la karibu.

Sasa tuongee juu ya benchi, juu hapo ndio kuna maneno.

Hio miaka miwili mwili wako ulikuwa kwa hali ya hatari. Nimekaa hizo benchi mimi mwenyewe na kakangu, najua ule mlio wa mashine ukianza ndani kila mtu kwa benchi anainua kichwa, kila mmoja anajiuliza ni ya nani, halafu nesi anatoka anapita bila kusema kitu na nyinyi wote mnapumua. Masaa manne ya hivo, mara mbili kwa wiki, na kando yako kuna mtu mmoja anayeinua kichwa saa ile ile unainua. Mwili hujifunza. Unajifunza kwamba nikiwa na huyu, hata mambo yakiwa mabaya, siko peke yangu. Hio ni kama mtoto venye hutulia akisikia sauti ya mama, haikuisha tulipokua, tukiwa watu wazima tunaipata kwa mume, kwa mke, kwa ndugu. Mumeo akaenda, na yule aliyekuwa akiutuliza mwili wako usiku hayuko, lakini kuna sauti nyingine ambayo mwili ulishaizoea. Saa nne inafika, simu inalia, mabega yanashuka. Ni kitu cha kweli kabisa na ndio maana ndugu zako hawafikii hapo, wao walikuja hospitali kuona mgonjwa wakarudi, hawakukaa kwa benchi.

Lakini mwili hauna majina mawili ya hicho kitu. Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio Kanada kwa daraja moja refu la kamba na waya linaloyumba juu ya bonde. Wanaume wakivuka wanakutana na dada mmoja anawauliza maswali kisha anawapatia namba ya simu. Wale waliokutana naye kwa hilo daraja la kuogofya ndio walimpigia baadaye kwa wingi kuliko wale waliokutana naye kwa daraja imara lililo chini. Moyo ulikuwa unadunda kwa hofu, kichwa kikasema labda ni huyu dada. Sikwambii wewe ni hivo tu, nyinyi mmekuwa kwa hilo daraja miaka miwili na si dakika tano, mmejuana. Nakwambia tu kwamba nguvu ya kile unasikia haiwezi kukuonyesha ni ya aina gani. Inaweza kuwa na nguvu sana na bado iwe ni ya benchi.

Jiulize swali moja, na ujibu ukiwa peke yako. Saa nne usiku mume wako akiwa hai ilikuwa saa ya nini? Wengi waliokuwa na mgonjwa wananiambia ilikuwa saa ya dawa za mwisho, kumgeuza, kumpaka mafuta miguu imefura, kumwambia lala. Ile saa imebaki wazi kama kiti. Sasa ni huyu baba unamngoja, ama ni ile saa inatafuta mtu wa kuijaza? Inaweza kuwa zote mbili, na hakuna aibu.

Nirudi kwa drama yako, juu ulilia na nadhani ulilia kwa sababu nzuri. Nimeiona yote, misimu yake mitatu kutoka 2019 mpaka 2022. Kwa ambaye hajaiona, Tony ni mwandishi wa gazeti dogo la mtaa kule Uingereza, mkewe Lisa amekufa na saratani, naye hataki kuishi, anawatusi watu wote wanaompenda. Lakini akifika kwa ile benchi mbele ya kaburi, kando ya Anne aliyefiwa na mume wake Stan, anakuwa mpole. Umejiuliza ni kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu Anne ndio mtu wa pekee asiyehitaji Tony apone. Shemeji yake anahitaji apone, kazini wanahitaji apone, kila mtu anamwangalia usoni akitafuta dalili. Anne hamwangalii sana. Waone venye wamekaa, bega kwa bega, macho mbele, kila mmoja na kaburi lake. Ukikaa hivo na mtu unaweza kusema maneno ambayo uso kwa uso yangekwama.

Kuna kitu kingine watu hupita nacho haraka. Anne ametangulia. Ni mtu mzima kuliko yeye, majonzi yake yamekaa akayazoea, anaongea na Tony kama mtu ameshavuka pale mto ni mkali na sasa anamwonyesha mwenzake mawe ya kukanyaga. Hii si mambo ya TV tu. Mwaka 1967 yule Phyllis Silverman nimemtaja alianzisha kule Boston mpango wa mjane kusaidia mjane, na msingi ulikuwa huo huo, aliyefiwa kitambo anamtembelea aliyefiwa juzi. Sasa jiangalie wewe na huyu baba. Wewe miezi 14, yeye 10. Nyote wawili mko katikati ya maji. Mnaweza kushikana mkono, na ni vizuri mmeshikana, lakini hakuna mmoja wenu yuko ng'ambo anaona njia.

Na ile benchi ina mwisho. Tony anainuka anaenda kwake, Anne anabaki na Stan wake. Hakuna anayempigia mwingine saa saba usiku. Mambo ya mapenzi kwa ile drama yamewekwa kwa mtu mwingine kabisa, Emma, nesi aliyekuwa akimtunza babake Tony, na hata hapo mambo hayakuwa rahisi, Tony anajaribu na moyo unarudi kwa Lisa. Kwa hivyo ile stori imegawa kazi mara mbili, benchi ni ya huyu, nyumba labda ni ya yule. Wewe kazi zote mbili ziko kwa mtu mmoja, na hapo ndio nataka unisikilize sana.

Kuna wawili walikuja kwangu miaka kadhaa imepita, nimebadilisha mambo kidogo ili wasijulikane. Mjane na mgane, walijuana kwa kikundi cha waliofiwa, wakaoana haraka, hata mwaka haukuwa umeisha. Walikuja baada ya miaka miwili ya ndoa, hakuna mwenye amekosea mwenzake, hakuna mpango wa kando, hakuna vita. Yule mama akaniambia, kaunsela, mimi nilikuwa na mtu mmoja duniani ningeweza kulia mume wangu mbele yake, nikamuoa, sasa sina mtu. Mume mpya akimwona analia tarehe fulani, uso unabadilika, hasemi kitu lakini unabadilika. Kwa hivyo alikuwa anaingia bafu anafungua mfereji ndio asisikike, na zile siku za wiki maji ya mtaa hayaji alikuwa anangoja. Hio ya kungoja maji ndio ulie ilinikaa sana. Na mume naye, alipopata nafasi ya kuongea, kumbe alikuwa anaenda kukaa ndani ya gari.

Umeona kilichotokea? Ule uhusiano wa mwanzo ulikuwa na nguvu kwa sababu marehemu wawili walikuwa wanakaribishwa. Walipooana, marehemu wakawa kama wapinzani, na hakuna mtu alikuwa amewaambia mapema kwamba hio hutokea. Nikumalizie ndio usiogope bure, hao wawili bado wako pamoja. Picha mbili ziko kwa ukuta wa sitingi rumu, mume wake wa kwanza na mke wake wa kwanza, wamewekwa urefu mmoja, na kuna siku mbili kwa mwaka ambazo mmoja analia na mwingine kazi yake ni kupika na kunyamaza. Walifika hapo, lakini kwa njia ndefu.

Kwa hivyo nikushauri nini.

Kukata, mimi nasema hapana. Ukikata saa hii utakuwa umezika mara mbili ndani ya miaka miwili, na yeye pia, na kwa sababu gani, juu ya maneno ya watu. Kuanza maisha pamoja saa hii, pia nasema hapana, na usimwambie hapana ya mlango kufungwa, mwambie bado. Yeye mkewe hajafika mwaka, imebaki miezi miwili. Ile siku ya mwaka ikifika huwa inamshika mtu mahali hakutarajia, mwache aipite akiwa nyumbani kwake na watoto wake na ndugu za mkewe, asiipite akiwa anahamisha viti vyake Donholm. Siwezi kukupatia tarehe ya baada ya hapo. Dini na mila zingine zimeweka muda, Waislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na kuna hekima kubwa hapo kwa sababu aliyefiwa anajua wakati ni wake na hakuna mtu atamsukuma. Sisi wengine wa hii Nairobi tunapewa siku chache za kazi na grupu ya WhatsApp ya mazishi, na wiki moja baada ya kurudi kutoka ushago unaona tu fulani ameondoka, fulani ameondoka.

Kitu cha kufanya kwa sasa ni kubadilisha venye mnakaa. Watafiti wawili kule Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 kwamba aliyefiwa anayeendelea vizuri huwa anaenda na kurudi, kama matatu tu, kuna steji ya kilio na kuna steji ya maisha. Leo unashinda na picha zake, kesho unapanga foleni ya karo, unajifunza kulipa bili zenye yeye ndio alikuwa akilipa, unacheka kitu kwa redio, halafu jioni unarudi kwa kilio. Shida si kulia na shida si kucheka, shida ni gari kukwama steji moja. Nina wasiwasi kwamba yale masaa matatu yenu ya usiku yamekwama steji moja. Hata kulala hulali vizuri, na mtu asiyelala kila kitu kwake ni kizito mara mbili.

Kwa hivyo simu iishe saa tano. Mwambie ni kaunsela amesema, nibebeshe mimi. Na mkutane mchana, mahali ambapo hakuna harufu ya hospitali, mwende Arboretum Jumamosi, mwende Gikomba mtafute viatu vya watoto, mpande matatu pamoja muone venye anaongea na kondakta akikatalia chenji. Unamjua akiwa na huzuni, hio umeiona mpaka mwisho. Humjui akiwa amekasirika juu ya kitu kidogo, humjui akiwa na pesa, humjui akiwa amechoka na hakuna mgonjwa. Kutakuwa na siku mtajikuta mmekosa kitu cha kusema, na hio siku usiogope, iangalie tu. Kama kimya chenu kiko sawa hata bila marehemu kati yenu, hapo kuna kitu cha kujenga. Kama kila kimya lazima mrudi kwa wodi ndio muwe karibu tena, basi ni benchi, na benchi pia mtu huishi nayo miaka mingi kwa heshima.

Na utafute mtu mwingine wa kulilia, mmoja tu anatosha, afadhali aliyetangulia. Kanisa nyingi ziko na kikundi cha wajane, msikiti pia kuna akina mama wa kukaa na mtu. Huyu baba asiwe ndio kiti chako cha pekee, kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Mama mkwe sasa. Hio ya kutoshika simu inauma lakini fikiria kitu kimoja, wewe ulipata mtu wa kumkumbuka mume wako pamoja naye kila usiku, yeye mama hajapata. Amepoteza mtoto aliyemzaa, na anaposikia umepata mwingine anaona yule mtu wa mwisho anayembeba mwanawe ameenda. Enda, usipige simu. Beba sukari na majani ya chai, keti, na usianze na kujitetea, mwongeleshe habari za mwanawe akiwa mdogo. Akikuuliza juu ya huyo baba mwambie ukweli mfupi, kwamba mliuguza pamoja na hakuna kilichoamuliwa. Halafu kama kuna shamba, nyumba ama akaunti ya marehemu na mambo ya urithi hayajaisha kortini, ona wakili kabla ya hatua yoyote ya ndoa na usiweke sahihi karatasi kwa sababu ya hasira ya mtu. Na mkifika mbali na huyu baba, mwende mpimwe wote wawili, hayo mnajua.

Kuna mahali barua haitoshi na ni lazima ukae na mtu uso kwa uso. Kama kila siku, karibu siku nzima, bado unamlilia kama ni wiki ya kwanza, huwezi kazi, huwezi kula, unaona maisha yako hayana maana bila yeye, hio ina jina, ni majonzi ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwa orodha yake ya magonjwa, kuanzia miezi sita, na madaktari wa akili wa Marekani wakaiweka kwa yao mwaka 2022, wao wakasema mwaka mmoja kwa mtu mzima, na iko na matibabu yake ambayo husaidia. Muulize kaunsela kama amesajiliwa, sheria ya makaunsela na wanasaikolojia iko Kenya tangu 2014. Kama ni pombe ama dawa za usingizi zimeanza kuongezeka, usingoje.

Na kama usiku mmoja huyu baba atakwambia anatamani kumfuata mkewe, ama wewe mwenyewe hilo wazo likuje, hilo lisibaki la watu wawili kwa simu. Ile drama inaanza na hilo wazo na ni vizuri binti yako ajue anaweza kuongea nawe juu yake. Watu wengi hapa walikuwa wananyamaza kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Mtu anayesema hivo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali, usiku huo huo ikibidi, na msimwache peke yake. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, wanaongea na watu.

Binti yako na Krismasi. Miaka 17 anaona kila kitu, na nimependa kwamba yeye ndiye alikuwekea hio drama, mimi sidhani ilikuwa bahati tu, nadhani alikuwa anatafuta njia ya kukuuliza. Mwambie, huyu baba ni rafiki yangu, tuliuguza pamoja, ameniuliza kitu kikubwa na nimemwambia bado. Halafu muulize yeye anaonaje na umwache aongee mpaka amalize hata akisema kitu kitakuuma. Krismasi ya mwaka huu mimi ningeiacha ya nyumba yenu, mpike kile babake alipenda. Huyu baba akitaka kuja, aje tarehe 27 ama 28 kama mgeni, na watoto wake, mchana, ale aende.

Mwisho ni kile kitu uliandika kwa mstari wa chini kabisa kama si kitu, jina lake kwa simu. Umeniandikia barua ndefu, najua thamosi, najua mkoba, najua siku na masaa, lakini hakuna mahali umeniambia anafanya kazi gani, anapenda kula nini, ni mtu wa utani ama ni mkimya. Labda hujawahi muuliza. Jumamosi mkikutana muulize, halafu ukiwa kwa matatu ukirudi, toa simu ufute hio "Dialisisi Ijumaa" uandike jina lake.